Windows ya Kariakoo, Kiswahili cha Kilinux

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wizara ya Fedha ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, hesabu zikavurugika, fedha zikapotea. Mwaka uliofuata likafunguliwa soko kuu la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli. Marufuku ilikuja kulegezwa, na kompyuta zilipoanza kumfikia mtu wa kawaida, wengi walizipata kwenye mitaa inayolizunguka soko hilo: za mtumba, na tayari zimeshapigwa Windows.

Neno ndilo hilo, kupigwa. Fundi hauzi Windows, anaipiga, kwa bei ya ufundi wake tu, na mara nyingi ni ile iliyochakachuliwa. Hapo ndipo Linux ilipokwama. Kwingineko duniani mfumo huu, aliouanzisha mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991, ulisifiwa kwamba hauna malipo. Kariakoo sifa hiyo haikumshtua mtu. Kama Windows nayo ni ya bure, Linux ya nini?

Jibu zuri lilitoka Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili. Hoja yao kubwa ilikuwa ruhusa. Msimbo wa programu huria uko wazi, kwa hiyo mtu wa Dar hakuhitaji kumpigia magoti yeyote Marekani ili menyu ziongee lugha yake. Tena walitumia akili: Jambo ilifanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows pia. Hukulazimika kuhama nyumba.

Microsoft nayo ikaleta vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office. Ila tofauti ilibaki. Neno likikosewa kwenye Jambo, mwalimu wa Tandika aliruhusiwa kulirekebisha na kugawa nakala yake. Likikosewa kwenye Windows, angelalamika tu.

Leo ni nadra kulisikia jina la Kilinux mjini. Waliotaka Linux walijifunza kuiweka pembeni ya Windows: unaigawa diski, unaweka mifumo miwili, na kila ukiwasha laptopu inatokea orodha ikikuuliza unaingia wapi. Shida ni kwamba kwenye mashine za zamani, fundi akipiga Windows upya, orodha ile inafutika. Linux bado imo ndani ya diski, lakini haina mlango. Mwenye mali anaambiwa imepotea, naye anaamini.

Sasa hoja ya bei imerudi kwa sura nyingine. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11. Uchakachuaji utaendelea kuwasaidia watu, sawa. Lakini kilichochakachuliwa hukipewi ruhusa ya kukifungua wala kukifundisha Kiswahili. Unakaa kwenye nyumba ya mtu, bila kodi, ukingoja siku atakayobadilisha kitasa.