Kukata Springi: Miaka 66 ya Ugomvi Kati ya Vijana wa Los Angeles na Sheria

Ukiona ndinga imeshushwa mpaka inakwangua tuta, usidhani ni fasheni ya juzi. Nyuma yake kuna historia, na haikuwa ya kuuza sura tu.

Turudi Los Angeles miaka ya 1940, mitaa ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Kipindi hicho vijana wengi wa Kizungu walikuwa wanatafuta mbio. Hawa wakaenda kinyume: gari iwe chini, iende taratibu, mtaa mzima uione. Hela ya gari mpya haikuwepo, wakachukua Chevrolet za mkono wa pili. Mwanzo walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti ili gari ilale nyuma. Wengine wakasema isiwe tabu, wakashika msumeno na kukata springi. Ukitoa mzunguko mmoja tu, gari inashuka.

Ila kuna bei yake. Springi ikipunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na nafasi ya kubonyea inabaki ndogo. Kila shimo unalisikia mgongoni. Waliozipasha moto kwa gesi ndio waliharibu kabisa, maana chuma kinapoteza nguvu yake. Na ukishakata umekata, hakuna kurudisha.

Mwaka 1958 California ikaanza kutumia kifungu cha 24008: hakuna sehemu ya gari, ukiacha matairi yenyewe, kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Vijana wengi wa Kimexico waliona sheria inawalenga wao. Trafiki sasa alikuwa na sababu ya kuwasimamisha, na gari iliyokatwa springi haiwezi kujificha. Iko chini muda wote!

Hapo ndipo akili ya mtaani ikafanya kazi. Mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga pampu za haidroliki, vifaa vilivyotokana na ndege, kwenye Corvette yake ya 1957. Anabonyeza swichi, gari inapanda, iko kihalali. Polisi akishapita, inashuka tena. Zile gari zinazoruka ruka kwenye video za rap za miaka ya 90 chanzo chake ni hapo. Sheria ilitaka kuua mchezo, ikauzalia mchezo mkubwa zaidi.

Kifungu kile kilidumu mpaka Oktoba 2023, gavana aliposaini sheria ya kukifuta. Kuanzia Januari 1, 2024, kushusha gari si kosa tena California, na miji haiwezi kuwazuia watu kuzunguka taratibu barabarani. Waliosimamishwa wakiwa vijana, wengi sasa ni babu.

Kwa hiyo mdau, kabla hujampa fundi msumeno, kumbuka hata walioanzisha hii kitu waliachana nao walipopata njia bora.

Wewe ungekata au ungeacha? Shusha maoni yako hapo chini.