Mikataba ya kibiashara ya kanda na sheria za WTO

Biashara ya kimataifa imejengwa juu ya kanuni moja: nafuu yoyote ya ushuru ambayo nchi inampa mshirika mmoja, sharti iwape wengine wote. Kanuni hiyo imo katika Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara, GATT, uliotiwa saini na mataifa 23 mjini Geneva mwaka 1947, na ikarithiwa na Shirika la Biashara Duniani, WTO, lililoanza kazi Januari 1, 1995.

Hata hivyo, mkataba uo huo uliacha mlango wazi. Kifungu cha 24 kinaruhusu mataifa kuunda eneo huru la biashara au umoja wa forodha, mradi ushuru uondolewe kwa takriban biashara yote baina yao, na wasio wanachama wasiwekewe vikwazo vizito kuliko vya awali. Mwaka 1979 nchi zinazostawi zililegezewa masharti hayo zinapofunguliana masoko zenyewe kwa zenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza Januari 2005, ilijitambulisha kwa WTO kupitia nafuu hii ya pili.

Nafuu hiyo haihusu mikataba na mataifa tajiri, na hapo ndipo Kenya ilipobanwa. Kwa miaka mingi bidhaa zake ziliingia Ulaya bila ushuru, ilhali Ulaya haikudai kufunguliwa soko. Upendeleo huo ulikiuka kanuni kuu na ulidumu kwa idhini maalumu ya WTO, iliyokwisha Desemba 31, 2007. Ikabidi pande zote mbili zifunguliane masoko.

Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuwa na haraka, kwani Muungano wa Ulaya huyaondolea ushuru mataifa maskini zaidi bila kudai chochote. Kenya pekee haikuwa katika orodha hiyo. Makubaliano yalipochelewa, maua ya Naivasha yalitozwa ushuru Ulaya kuanzia Oktoba 1, 2014 hadi mwishoni mwa Desemba, huku yale ya Ethiopia, mshindani mkubwa, yakipita bure.

Kenya na Rwanda zilitia saini mwaka 2016, wenzao wakasita. Hatimaye Kenya iliamua kwenda peke yake. Mkataba wake na Muungano wa Ulaya ulitiwa saini jijini Nairobi Desemba 18, 2023 na kuanza kutekelezwa Julai 1, 2024. Kenya itapunguza ushuru wake hatua kwa hatua katika muda wa miaka 25.

Fumbo limebaki mpakani. Bidhaa ya Ulaya itakayoondolewa ushuru Mombasa bado itadaiwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ikielekea Kampala. Kwa hivyo maafisa wa forodha Malaba watalazimika kuchunguza asili ya shehena, kazi ambayo umoja wa forodha ulikusudiwa kuipunguza. Mkataba umeacha nafasi kwa wanachama wengine wa Jumuiya kujiunga.