Usukani: neno lililotoka baharini likapanda hadi Mbinga

Mtumbwi unaorudi alfajiri ufukoni Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, hauna usukani. Ni gogo lililochongwa, wavuvi wawili na makafi yao. Wa mbele anapiga kafi mfululizo. Wa nyuma naye anapiga, ila mara kwa mara hulibana kafi lake ubavuni mwa mtumbwi na kulikingamisha majini, na mtumbwi ukageuka taratibu kuelekea mchangani.

Ukiiacha Mbamba Bay ukapanda milima kilomita 66 hadi Mbinga, muulize dereva wa lori la kahawa usukani ni kitu gani. Atagonga gurudumu lililo mbele ya kifua chake, lile ambalo vijana huliita stelingi.

Neno hili halikuzaliwa barabarani. Waswahili walilipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiarabu, ambao ubao wa kuongozea ulio nyuma ya chombo waliuita sukkan. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu walilieleza kwa mzizi wenye maana ya kutulia: ni kitu kinachokituliza chombo kisiyumbe. Mzizi huohuo ndio uliotupa maskani, mahali mtu anapotulia. Ubao huo una mkono wake uitwao kana. Ukiusukuma kushoto, jahazi huenda kulia.

Wachina walikuwa na usukani wa nyuma tangu karne ya 1. Ulaya Kaskazini ulienea kuanzia karne ya 12. Kabla yake watu wa huko waliongoza kwa kafi kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia. Ndiyo maana jina la Kiingereza la upande wa kulia wa meli, na sasa wa ndege, asili yake ni “upande wa kuongozea”. Mvuvi wa Mbamba Bay angewaelewa mara moja.

Katika Ziwa Nyasa usukani ulifika karne ya 19 pamoja na majahazi ya wafanyabiashara wa pwani, waliovusha pembe za ndovu na watumwa kutoka Nkhotakota kuja ng'ambo hii. Meli za moshi zikafuata: Ilala ya wamisionari wa Kiskoti mwaka 1875, Hermann von Wissmann ya Wajerumani mwaka 1893, kisha Chauncy Maples ya misheni ya Kianglikana mwaka 1901.

Von Wissmann ilipatwa na mkasa wake Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Rafiki yake Mwingereza, Rhoades, akatokea na meli Gwendolen, akaipiga mzinga Von Wissmann. Berndt hakuwa na la kufanya: usukani hufanya kazi pale tu maji yanapopita juu yake, na meli yake ilikuwa juu ya magogo.

Neno rubani nalo lilitoka baharini. Kwa Waarabu rubban alikuwa bingwa wa njia za bahari, kama yule aliyechukuliwa Malindi mwaka 1498 akamfikisha Vasco da Gama India kwa chini ya mwezi mmoja. Ndege zilipokuja, Kiswahili hakikuhangaika: jina la aliyejua njia za maji akapewa anayeongoza angani. Ndege inayoshuka Songea ina usukani wake mkiani, palepale pa jahazi, na rubani huugeuza kwa miguu. Gurudumu la lori limebaki na jina tu, ubao umetoweka.

Ufukoni Mbamba Bay, mtumbwi ukishagusa mchanga, mvuvi wa nyuma huruka majini, akasaidia kuuvuta, kisha akalitupia kafi begani. Usukani wake hurudi naye maskani.