Nyimbo Walizokatazwa Vijana, Wanazoziimba Wazee

Mjini Tabora, na hata katika sherehe za familia huko Kipalapala, nimeona zaidi ya mara moja jambo ambalo mwanahistoria hapaswi kulipuuza. Ikifika zamu ya karaoke, vijana huchagua Bongo Fleva. Wazee wenye miaka sabini na kitu, yaani walimu wastaafu, watu wa reli na makarani wa zamani wa ushirika, huomba Jim Reeves. Wengine humtaka Skeeter Davis, Kenny Rogers au Otis Redding. Hawana haja ya kufuata maneno kwenye skrini. Kiingereza cha baadhi yao si kingi, lakini wanajua mwimbaji anavuta pumzi wapi na gitaa linaingia wapi.

Ndugu msomaji, wazee hawa ndio vijana wa mwaka 1969. Ni kizazi ambacho dola yetu changa iliamua kukikinga dhidi ya muziki wa aina hiyo kwa hoja kwamba ungekipotosha. Leo tunaweza kuipima hoja hiyo, kwa sababu waliodaiwa kuwa hatarini bado wako hai na wanaimba. Naandika hasa kwa ajili ya watumishi wa umma, ambao kila mwaka hukabidhiwa kalamu ya kuruhusu au kukataza kazi za wasanii.

Tuanze na msingi wa sera. Desemba 1962, akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wasomi wengi walifundishwa kucheza rumba, chachacha, waltz na foxtrot, ilhali wachache waliijua gombe sugu, mganda au lele mama. Sehemu hiyo ya hotuba hurejewa kila mara. Isiyorejewa sana ni ile ambamo alionya kwamba kufufua utamaduni wetu hakumaanishi kuukataa wa wengine, na akalikemea kwa maneno makali taifa lolote linalokataa kujifunza kwa wenzake.

Miaka saba baadaye, watendaji walikuwa wameshika nusu ya kwanza ya hotuba na kuiacha ya pili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Kabla hata ya tarehe hiyo, wanawake walishambuliwa hadharani Dar es Salaam kwa sababu ya mavazi yao. Kisha, Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wake, na huko ndiko vijana walikokuwa wakikusanyika kucheza nyimbo za James Brown na wenzake.

Tafakari ni muziki gani uliochaguliwa. Soul ni sauti ya wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Mwaka 1968 James Brown alitoa wimbo wa kujivunia weusi, uliokuja kuhusishwa sana na harakati za watu weusi nchini Marekani. Nasi tulikuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Jim Reeves kwa upande wake alikwenda Afrika Kusini ya ubaguzi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaana. Marufuku ya 1969 ilimlenga wa kwanza, si wa pili. Sisemi Jim Reeves naye angepaswa kufungiwa. Nasema kwamba kipimo cha "ugeni" kikishikwa na ofisi, mara nyingi hupima hofu ya ofisi yenyewe: vijana wengi mahali pamoja, usiku, wakicheza kwa namna ambayo wakubwa hawaielewi.

Jirani yetu Mobutu alikuwa mkali kuliko sisi. Mwaka 1971 aliibadili Kongo kuwa Zaire, na mwaka uliofuata akawalazimisha raia kuacha majina ya Kikristo kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Septemba 1974, karibu na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa ikampokea James Brown kwa shangwe. Kwa hiyo msanii yuleyule alikuwa sumu kwa utamaduni wa Kiafrika katika mji mmoja na fahari yake katika mji mwingine, miaka mitano tu baadaye.

Tabora ilipaswa kutufundisha mapema. Mji huu umejengwa na njia. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, na wapagazi Wanyamwezi walirudi nyumbani na bidhaa, maneno na ngoma za pwani. Reli ilifika mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mwanza likaifanya Tabora kuwa njia panda. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilisambaa barani pamoja na makarani na askari. Watawala wa kikoloni waliitilia shaka, wakihofu kwamba nyuma ya vyeo vile vya mchezo kulikuwa na jumuiya wasiyoidhibiti. Nao, kama tulivyokuja kufanya sisi, walimwona mchezaji kama tatizo la usalama.

Kipalapala penyewe pana ushahidi wa namna nyingine. Kwa Wakatoliki wengi jina hilo humaanisha seminari na kiwanda cha uchapaji cha TMP, kilichosambaza vitabu vya Kiswahili nchi nzima. Katika makanisa yetu watu waliimba kwa vizazi maneno ya Kiswahili juu ya tuni za Ulaya, na leo bibi yeyote atakuambia ni nyimbo za kwao. Ngoma, kwa upande wake, ilizuiwa kanisani kwa muda mrefu kama kitu cha kipagani. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, ukafungua mlango, na ngoma ikaingia. Haikuwa imesahaulika. Ilikuwa ikisubiri nje ya ukuta.

Vivyo hivyo kwa nyimbo za wazee wetu. Marufuku ya ukumbi haikuweza kufunga masafa mafupi. Mwenye redio ya betri aliweza kutafuta London au Nairobi bila kibali cha mkuu wa mkoa. Mwanafunzi aliyerudi likizo alileta daftari lenye maneno ya nyimbo yaliyoandikwa kwa kusikia. Wazee niliozungumza nao Tabora wanasema kwamba kukatazwa kuliwafanya wasikilize kwa makini zaidi. Ndiyo maana leo hawahitaji skrini.

Je, dola haikufanikiwa katika lolote? Ilifanikiwa sana, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mshahara. Mashirika, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walifuata mkondo huo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za nyumbani na kuzipa muda mwingi hewani. Mikoani nako muziki ulistawi. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wana Segere Matata, na watu wa huku walioishi Dar es Salaam walikuwa na Western Jazz. Bendi hizo zilitumia gitaa la umeme na rumba yenye asili ya Kuba, na hakuna aliyeziona kuwa za kigeni. Wazee haohao wakimaliza Jim Reeves huomba Tabora Jazz, na hapo ukumbi mzima husimama.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba bila katazo tungemezwa. Ni kweli kwamba muziki wa mataifa tajiri huja na nguvu ya fedha, na taifa dogo lina haki ya kujitengea nafasi. Lakini kumpa msanii wako chombo, mshahara na saa za redio si sawa na kumtuma mgambo mlangoni. Lile la kwanza lilituachia hazina inayoitwa zilipendwa. La pili halikutuachia hata wimbo mmoja. Tena, wakati nguvu zikitumika kupima urefu wa sketi, haki ya mwanamuziki ilisahaulika. Chama cha hakimiliki, COSOTA, kiliundwa chini ya sheria ya mwaka 1999, wakati wengi wa wana zilipendwa walikuwa wameshazeeka au kufariki bila kupata jasho la nyimbo zao.

Tabia hiyo haijaisha. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo", kisha akaachiwa kwa agizo la Rais. Mwaka 2018 wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond ulifungiwa na BASATA. Unaweza kuuchukia wimbo huo, na mimi sina haja ya kuutetea. Lakini ukifungiwa leo hauhitaji hata redio ya betri, maana umo ndani ya simu ya kila kijana.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, faili la wimbo likifika mezani kwako, uliza kwanza kama umemdhuru mtu anayetajika, na kama sheria zilizopo hazitoshi kumlinda. Kisha uliza ofisi yako imempa nini msanii wa wilaya yako mwaka huu. Nanyi wanafunzi wangu, msisubiri ruzuku ya utafiti. Nendeni Tabora, Urambo, Nzega na Kipalapala, mwamkie wazee, muwaombe ruhusa, na mrekodi kwa simu zenu nyimbo wanazozikumbuka, za kwetu na za ng'ambo, pamoja na habari za nani aliwakataza na walizisikiliza wapi. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na saba mwaka 1969 hana muda mrefu wa kutusubiri.