Ukavu wa kinywa wakati wa kukoma hedhi

Ukavu wa kinywa wakati wa kukoma hedhi ni hali ya kuhisi upungufu wa mate inayowapata baadhi ya wanawake hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Tezi za mate na utando laini wa kinywa vina vipokezi vya estrojeni, hivyo kushuka kwa homoni hiyo huweza kubadili wingi na muundo wa mate. Hisia ya ukavu na upungufu halisi si kitu kimoja: mwanamke anaweza kulalamikia ukavu ilhali mate yake yanatoka kwa kiwango cha kawaida. Upungufu huthibitishwa kwa kupima. Mate yasiyochochewa yakiwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika huhesabiwa kuwa machache mno.

Mate huzimua asidi na kurudishia meno madini. Yanapopungua, meno huoza upesi, hasa kwenye mizizi iliyoachwa wazi na ufizi, fangasi hustawi, na meno bandia hukwaruza. Baadhi huhisi ulimi ukiwaka bila kidonda.

Tiba ya homoni, yaani estrojeni pekee au pamoja na projestojeni kwa mwenye mji wa mimba, huwapa baadhi nafuu, lakini matokeo ya tafiti yanapingana. Haitolewi kwa ajili ya kinywa pekee. Dawa za msongo, mzio na shinikizo la damu, zinazotumiwa sana katika umri huohuo, nazo hukausha kinywa, na mara nyingi lawama huangukia homoni.