Nguvu za Mkono na Urefu wa Maisha

Mzee wa kijiji akimsalimu kijana, humshika mkono sawasawa, kisha husema: «Huyu ni mzima.» Je, mzee huyo anajidanganya? Tusikilize habari za watu waliochunguza jambo hilo kwa uvumilivu wa miaka mingi.

Baada ya vita ya 1939-1945, waganga wa Uingereza waliona kwamba wanaume wengi, wangali na nguvu za kazi, wanakufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo. Mganga mmoja, Jeremy Morris, aliyezaliwa mwaka 1910, aliwatazama watu wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na orofa mbili, na kila basi lilikuwa na watumishi wawili. Shofere aliketi kutwa. Mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi siku nzima, vidato mia tano na zaidi. Maisha yao yalifanana, ila kazi moja ilikuwa ya kuketi, nyingine ya kutembea. Mwaka 1953 Morris alitangaza aliyoyaona: ugonjwa wa moyo uliwapata mashofere kuliko wakata tikiti, tena uliwaua upesi zaidi. Hata katika posta, wapeleka barua waliotembea kwa miguu walikuwa salama kuliko makarani na watumishi wa simu.

Wengine walipinga wakisema: «Labda wanene ndio wanaopenda kazi ya kuketi.» Neno hilo lilikuwa na haki yake. Morris akatafuta vipimo vya suruali za kazi walizopewa watumishi wale. Kweli, mashofere walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba, wembamba kwa wanene, wakata tikiti walikuwa na afadhali.

Huko Marekani, mganga Ralph Paffenbarger aliwafuata wapakuzi 6,351 wa bandari ya San Francisco. Mwaka 1975 alieleza kwamba wale wa kazi nzito walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu nusu tu ya wenzao wa kazi nyepesi.

Halafu wakaja kupima mkono wenyewe, kwa chombo kidogo kinachofinywa kwa kiganja. Katika visiwa vya Hawaii, wanaume zaidi ya 6,000 walipimwa tangu 1965 mpaka 1970. Miaka 25 baadaye, wale waliokuwa na mikono dhaifu ndio hasa walioshindwa kutembea vema na kujisaidia katika uzee. Mwaka 2015 ukatolewa uchunguzi wa watu karibu 140,000 wa nchi 17: kila nguvu za mkono zilipopungua kilo 5, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 16.

Basi tuelewe vizuri. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu si mvua. Mkono dhaifu hauui mtu. Unaonyesha tu hali ya mwili mzima. Pengine sababu yake ni njaa, au ugonjwa uliojificha, au kuketi mno. Kwa hiyo tusimcheke aliye dhaifu. Na mtu akiona nguvu zake zimepungua bila sababu, aende kwa mganga mapema.

Wazee nao wasikate tamaa. Mwaka 1990, huko Boston, wazee kumi wa miaka 86 mpaka 96 walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu, polepole, kwa majuma manane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Ninyi makarani na walimu, msione haya kushika jembe jioni. Lakini ninyi wanaume, msichukue habari hii kuwa ruhusa ya kumtwika mama mzigo wa kuni kupita kiasi, naye hajala wala hajapumzika. Kazi hujenga mwili uliolishwa. Mwili wenye njaa huuvunja.

Morris mwenyewe alidumu katika mazoezi ya mwili mpaka uzeeni. Alikufa mwaka 2009, mwenye umri wa miaka 99.