Wadudu wa Sandarusi na Misitu ya Kale ya Kilwa

Karne ya 19, pwani ya Kilwa na Lindi ilisafirisha sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini, mara nyingi mahali pasipokuwa na msandarusi hata mmoja. Wachuuzi waliitenga na chakazi, utomvu mbichi wa mtini, uliouzwa kwa bei ya chini. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliofunguliwa milango zaidi na mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, waliitaka kwa ajili ya vanishi. Mdudu aliyenaswa ndani hakuwa na maana kwao. Kwa mtafiti wa mazingira mdudu huyo ni shahidi wa msitu uliowahi kusimama juu ya shimo lile.

Lakini shahidi asiulizwe asichokiona. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa Madagaska, ulilinganisha wadudu wa utomvu na wale wa mitegoni, ukaonyesha kwamba utomvu huwakilisha zaidi viumbe wa shinani na jirani yake. Ndiyo maana swali la iwapo msitu huo ulikuwa na maji, hasa kinamasi, ni gumu. Mbu au visubi, ambao viluwiluwi vyao hukulia majini, wakikutwa ndani ya kipande, maji yalikuwapo karibu. Huenda ni dimbwi la masika au tundu la mti, si kinamasi. Wasipokutwa, hakuna kilichothibitika.

Wengine watasema sandarusi ni changa mno: vipimo vya kaboni 14 vimeonyesha kwamba baadhi ya vipande vya Afrika Mashariki ni vya karne chache tu. Naona hiyo ndiyo faida yake. Jamii nyingi za wadudu hao bado zipo na mazoea yao yanajulikana, kwa hiyo waliomo ndani wanaweza kulinganishwa na wanaoishi leo katika misitu ya Rondo au Namatimbili, na pengo likaonekana.

Kizuizi kikubwa ni biashara yenyewe. Shehena zilikusanywa Unguja, zikachambuliwa kwa ubora, ganda lenye udongo likaondolewa, kisha zikaitwa za Zanzibar, ingawa nyingi zilitoka bara. Pamoja na ganda ulipotea udongo ambao ungeweza kuhifadhi chavua za mimea ya kinamasi, ushahidi ambao mdudu wa shinani hawezi kuutoa. Kipande kimoja kichafu, kilichoandikiwa kijiji, shimo na kina chake, kingefaa kuliko sanduku zima la vipande vinavyong'aa.